Karl Landsteiner, aliyebainisha makundi ya damu

KABLA ya mwaka wa 1901, kumwongezea mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa sawa na kumweka baina ya uhai na mauti. Wapo waliopona. Wengine walishikwa na homa na kutetemeka, mkojo wao ukawa mweusi, wakakata roho.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Karl Landsteiner, aliyezaliwa nchini Austria mnamo Juni 14, 1868. Babaye, mwanahabari, alifariki Karl akiwa na umri wa miaka sita, akalelewa na mamaye.

Utafiti wake haukuhitaji mitambo mikubwa. Katika maabara jijini Vienna alichukua damu yake na ya wenzake watano, akatenga chembechembe nyekundu na majimaji, kisha akachanganya za huyu na ya yule. Baadhi zilipatana, nyingine zilishikana mabonge. Ndipo akabainisha makundi matatu: A, B na lile liitwalo sasa O. Kundi la AB liligunduliwa na wenzake mwaka wa 1902.

Ajabu ni kwamba madaktari wengi waliupuuza ugunduzi huo. Ni mwaka wa 1907, jijini New York, ambapo Reuben Ottenberg alianza kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa kabla ya kuiongeza. Isipokuwa katika dharura kubwa, kipimo hicho hakirukwi hadi leo.

Landsteiner alituzwa Nobel mwaka wa 1930. Miaka 10 baadaye, yeye na Alexander Wiener wakatangaza kigezo cha Rh. Alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa kazini maabarani, akafariki Juni 26, 1943, akiwa na umri wa miaka 75.