Aliyewapa majina sangara, sato na tegu wa samaki

MCHUUZI wa dagaa pale Mukendo, mjini Musoma, akimpasua dagaa mwenye tumbo lililovimba anaweza kukuta mnyoo mweupe, bapa kama utepe, umejaza tumbo lote. Ni rahisi kudhani kuwa umetokana na uchafu wa maji. Carl Linnaeus, msomi wa Sweden aliyewapa majina ya kisayansi sangara na sato, naye alidhani hivyo.

Linnaeus alizaliwa mwaka 1707 katika kijiji cha Råshult. Baba yake alikuwa mchungaji aliyependa sana bustani, na alitaka mwanawe awe mchungaji pia, lakini kijana akili yake ilikuwa kwenye mimea. Akasomea udaktari Lund na Uppsala, mara nyingi hana kitu mfukoni, hadi akapata shahada nchini Uholanzi mwaka 1735. Mwaka huohuo alichapisha kitabu chembamba kilichopanga viumbe katika makundi. Mwaka 1741 akawa profesa Uppsala.

Wakubwa wa Sweden walimtaka atafute mali. Alizunguka mikoani akikagua mashamba na udongo, akajaribu kuotesha chai katika nchi ya theluji (haikufaulu, na mkulima yeyote wa chai angemwambia mapema), na mwaka 1762 akauza siri yake ya kutengeneza lulu ndani ya kome wa mtoni.

Samaki wetu aliwapata kwa mkono wa mwanafunzi wake, Fredrik Hasselqvist, aliyekusanya viumbe nchini Misri. Kijana huyo alifariki karibu na Smyrna, Uturuki ya leo, mwaka 1752 akiwa na miaka 30 tu, na wadai wakazuia mizigo yake hadi Malkia wa Sweden alipolipa deni. Katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake, Linnaeus aliwaandika sangara na sato wa Nile, ambao waliletwa Ziwa Victoria karibu miaka 200 baadaye. Humohumo alimwandika tegu wa samaki ambaye leo anaitwa Ligula intestinalis. Tegu wa dagaa wa Ziwa Victoria ni wa kundi hilohilo la ligula.

Kutoa jina aliweza, lakini asili ya tegu ilimshinda. Akiwa safarini Dalarna mwaka 1734, aliamini ameona tegu kwenye tope. Akahitimisha kuwa minyoo huishi majini na matopeni, na mnyama huimeza anapokunywa. Huenda alichokiona kilikuwa mnyoo mwingine kabisa. Alifariki Uppsala Januari 10, 1778 bila kusahihishwa. Kabla karne hiyo haijaisha, daktari wa mifugo wa Denmark, Peter Abildgaard, aliwalisha bata samaki wenye tegu, akawakuta tegu hao wamekomaa ndani ya bata.

Njia yenyewe ni hii. Ndege mla samaki, kama mnandi, huangusha mayai ya tegu majini pamoja na kinyesi. Kinachoanguliwa humezwa na kidudu kidogo sana cha majini, jamaa wa kamba. Dagaa hula vidudu hivyo kila siku, ndicho chakula chake. Tegu hutoboa utumbo, akakaa tumboni na kukua, akila nguvu ambazo dagaa angezitumia kutengeneza mayai. Samaki aliyelemewa huogelea karibu na uso wa maji, na mnandi humdaka kirahisi. Ndani ya ndege tegu hukomaa kwa siku chache tu, hutaga, kisha hufa.

Binadamu hayumo katika mzunguko huo, na tegu huyo hufa kwa moto wa jikoni. Hasara iko ziwani: jike la dagaa lililovimba hivyo huonekana limejaa mayai, kumbe halitagi.