Msiri, mwami wa shaba, na nyumba inayochunga alama za bakubwa betu

Leo tunaacha kidogo mambo ya mishahara. Tunaongea juu ya mutu ambaye kila mutu wa Katanga amesikia jina lake: Msiri, mwami wa Bayeke.

Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Hakuzaliwa hapa. Alitoka Usumbwa, upande wa magharibi ya Tabora, mu Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mufanyabiashara na alifika mpaka huku kutafuta shaba. Kumbe ni shaba njo ilimuleta, sawa vile kisha ilileta babu zetu toka Kasai, Rwanda na Rhodesia. Katikati ya karne ya 19 alikaa kwa Basanga, akasaidia bachifu mu vita kwa bunduki zake, kisha akawapita bote. Mji wake mukubwa ukawa Bunkeya. Misafara yake ilikwenda mashariki mpaka Zanzibar, na magharibi mpaka Benguela, mu Angola.

Sisi benye kazi ya mugodi, hapa njo tunapaswa kusimama kidogo. Wakati wa kiangazi, kijiji kizima kilihamia karibu na mashimo. Banaume walichimba, bamama na batoto waliokota malakiti, ile mawe ya kijani, mu vitunga. Tanuru ilijengwa kwa udongo, moto ni makala, upepo ni mivukuto ya ngozi. Fundi mukubwa alikuwa na miiko yake, na kazi ilifundishwa kwa siri. Shaba ilimwagwa mu umbo la musalaba, ule ule unaoonekana mu bendera ya Katanga. Bayeke walijua tena kuivuta mpaka inakuwa waya nyembamba ya kufanyia bangili. Hakukuwa injinia wa Ulaya pale.

Lakini hatutaficha kitu. Msiri aliuza batu pamoja na meno ya tembo. Mukono wake ulikuwa muzito, na mu 1891 Basanga walimuasi. Mutu mwenye kumusifu tu anadanganya batoto.

Mu mwaka wa 1890 mutumishi wa Waingereza, Alfred Sharpe, alimuletea mukataba, Msiri akakataa. Mu 12/1891 akaja Stairs na msafara kutoka Zanzibar, kwa ajili ya Leopold, mufalme wa Wabeljiki. Msiri hakutaka bendera yao. Tarehe 20/12/1891 kapiteni Bodson akamupiga risasi, akakufa. Bodson naye akapigwa risasi na mutu wa Msiri, akakufa. Bazee ba Bayeke wanasema kichwa cha mwami kilikatwa na kupelekwa mbali. Mwaka uliofuata Jules Cornet, mujuzi wa mawe, alipita mu Katanga na akaona mashimo yenye batu betu walikuwa wanachimba tangu zamani. Mu 1906 Union Minière ikazaliwa. Mashimo yale hayakugunduliwa na mutu, yalionyeshwa.

Sasa, mutoto wetu ataona wapi mambo haya? Mu Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Misalaba ya shaba iko pale, na vitu vya bakubwa betu vya kila kabila. Wengi wetu tunapita mujini miaka 20 bila kuingia, tukifikiri ni nyumba ya bazungu na ya baprofesa.

Sisi benyewe tuko na kosa. Siku moja, mu shimo fulani, mashini ilifukua vipande vya tanuru ya zamani, udongo mwekundu na mavi ya shaba. Tuliangalia, tukacheka, gari ikabeba yote mu takataka. Mpaka leo inatuuma. Na misalaba ya babu, tunaiuza kwa bei ya kilo kwa mutu apitaye barabarani!

Tumekubaliana hivi mu sindika: mwenye kuona kitu cha zamani mu shimo asimamishe kazi kidogo, aite delege, na delege aite batu ba makumbusho. Kila kambi ikusanye franka kidogo kwa tiketi za batoto ba shule. Safari ya kwanza tunaitaka mbele ya tarehe 20/12, siku Bayeke wanamukumbuka mwami wao kule Bunkeya. Tutaomba Basanga waongee pia, mu chumba kile kile. Majina yaandikwe kwa delege wa kila kambi, na mama mwenye mutoto mugongoni halipii mutoto.