Bibi Anne Clifford, Mlinzi wa Nasaba ya Ukoo Wake

Kaskazini ya Uingereza iko nchi ya milima na mabonde, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Westmorland. Baridi ya huko ni kali, mvua ni nyingi, na makundi ya kondoo hulishwa juu ya vilima. Katika mabonde yake husimama ngome za mawe, nyingine nzima, nyingine magofu. Ngome hizo, pamoja na ngome ya Skipton katika nchi ya Yorkshire iliyo jirani, zilikuwa mali ya ukoo mmoja wa makabaila, nao ni ukoo wa Clifford. Habari hii ni ya binti wa ukoo huo. Alinyimwa urithi wake alipokuwa na umri wa miaka 15, akaungojea miaka 38, wala hakukubali kuiachilia haki yake hata mbele ya mfalme.

Zamani zile cheo cha kabaila wa Uingereza na ardhi yake vilifuata damu. Kwa hiyo kila ukoo mkubwa ulitunza nasaba yake, yaani habari ya kizazi baada ya kizazi: nani alimzaa nani, nani alimwoa nani, na nani alirithi shamba gani. Mtu aliyetaka kuthibitisha haki yake mbele ya waamuzi hakuwa na budi kuonyesha hati za wazee wake. Asipokuwa na hati, maneno yake yalikuwa kama moshi.

Nasaba ya Clifford ilikuwa na jambo moja ambalo wengi walilisahau. Ardhi ya Westmorland iliingia katika ukoo huo kwa njia ya mwanamke. Mwaka 1203 Mfalme John alimpa Robert de Vieuxpont ngome za Appleby na Brough pamoja na nchi iliyozizunguka. Mjukuu wa Robert huyo alikufa mwaka 1264, naye hakuacha mwana wa kiume, ila binti wawili, Isabella na Idonea. Isabella akaolewa na Roger de Clifford, wakamzaa Robert de Clifford, ambaye alikuwa askari hodari, akauawa mwaka 1314 Waingereza walipopigana na Waskoti huko Bannockburn. Katika siku za Robert huyo, zamani za Mfalme Edward II, liliwekwa sharti la urithi. Ardhi imwendee mtoto wa mwenye ardhi: mwana wa kiume kwanza, na asipokuwapo, binti. Maadamu mtoto yuko, awe wa kiume au wa kike, ndugu wa marehemu hana haki ya kurithi.

Ukoo huo uliona taabu nyingi. Mwaka 1461, Waingereza walipopigana wao kwa wao kwa sababu ya kiti cha ufalme, John Clifford aliuawa, na ardhi yake ikachukuliwa na adui zake. Husimuliwa kwamba mwanawe mdogo, Henry, alifichwa miongoni mwa wachungaji, akakua akichunga kondoo kama mtoto wa maskini. Mwaka 1485 mfalme mwingine alipotawala, Henry alitoka mafichoni, akarudishiwa mali ya baba zake. Habari kama hizo Anne alizijua tangu utoto wake, naye alijifunza kwamba haki iliyopotea yaweza kurudi.

Anne alizaliwa katika ngome ya Skipton tarehe 30 Januari 1590. Baba yake alikuwa George Clifford, Earl wa tatu wa Cumberland. Earl ni cheo kikubwa miongoni mwa makabaila wa Uingereza. George alipenda bahari kuliko nyumba yake. Aliongoza merikebu kwenda kuwapiga Waspania, na mwaka 1598 aliuteka mji wa San Juan katika kisiwa cha Puerto Rico. Lakini safari hizo zilikula fedha nyingi kuliko zilivyoleta, akaingia katika madeni. Mama yake alikuwa Margaret Russell, binti wa Earl wa Bedford, mwanamke mcha Mungu na mwenye akili. Anne alikuwa na kaka wawili, Francis na Robert, lakini wote wawili walikufa wangali wadogo. Basi akabaki peke yake.

Baba yake hakumruhusu kujifunza lugha yo yote ila Kiingereza. Lakini mama yake alimtafutia mwalimu mwema, Samuel Daniel, mtunzi wa mashairi na wa historia. Kwake Anne alijifunza kupenda vitabu, na kutaka kujua mambo ya kale kwa hakika, si kwa uvumi.

Mwezi wa Oktoba 1605 George Clifford alikufa. Wasia wake uliposomwa, ilionekana kwamba ardhi yote na ngome zote amempa ndugu yake Francis, ili mali ibaki mikononi mwa wanaume wenye jina la Clifford. Binti yake alimwachia pauni 15,000. Zilikuwa fedha nyingi sana zamani zile, na watu wengi walidhani kwamba msichana angeridhika. Lakini mama yake alilikumbuka sharti la kale. Aliona kwamba George hakuwa na uwezo wa kutoa kwa wasia kitu kilichokuwa kimefungwa kwa sharti la wazee wake.

Basi Margaret akaanza kazi kubwa. Aliajiri watu wenye elimu ya hati za kale wapekue kumbukumbu zilizowekwa katika Mnara wa London na mahali pengine, wakanakili kila karatasi iliyotaja ukoo wa Clifford na wa Vieuxpont. Haba na haba wakakusanya ushahidi wa miaka 400. Mama na binti wakajua nasaba yao kuliko mawakili wa upande wa pili.

Mwaka 1609 Anne aliolewa na Richard Sackville, ambaye siku chache baadaye akawa Earl wa Dorset. Wakakaa katika jumba kubwa la Knole, katika nchi ya Kent. Richard alikuwa mtu mwenye akili na mkarimu, lakini alipoteza fedha kwa mavazi, farasi na kamari. Kwa sababu hiyo alitaka mkewe akubali kuiacha ardhi, apokee fedha. Anne akakataa. Tangu hapo hakuwa na raha. Mwezi wa Februari 1616 Askofu Mkuu wa Canterbury na wakubwa wengine walikuja kumsihi na kumtisha, ila yeye alijibu kwamba hawezi kuamua kabla ya kuonana na mama yake.

Akapewa ruhusa, akasafiri kwenda Westmorland katika baridi na matope, akafika kwa mama yake katika ngome ya Brougham. Wakashauriana, wakakubaliana kutoiacha haki yao. Tarehe 2 Aprili 1616 wakaagana kando ya barabara, karibu na ngome. Hawakuonana tena. Mwezi uliofuata mumewe, ili kumshurutisha, alimwondoa mtoto wao Margaret, ambaye hajatimia miaka miwili, akampeleka mbali na mama yake. Na mwezi huo huo, tarehe 24 Mei, mama yake Anne alifariki dunia. Basi Anne akabaki pasipo mtu wa kumtegemea.

Mwezi wa Januari 1617 aliitwa mbele ya Mfalme James I. Malkia alikuwa amemwonya kwa siri asiliweke jambo lake lote mikononi mwa mfalme. Katika chumba cha mfalme walikuwapo mumewe, baba yake mdogo Francis, na wakubwa wenye elimu ya sheria. Mfalme akawauliza wote kama watakubali hukumu yake. Wote wakakubali isipokuwa Anne. Alijibu kwa heshima kwamba hataiacha Westmorland maadamu yu hai. Mfalme akakasirika sana, wala Anne hakubadili neno lake. Alikuwa mwanamke wa miaka 26, katikati ya wanaume wenye nguvu kuliko wote katika nchi.

Mwezi wa Machi mfalme akatoa hukumu yake. Ardhi apewe Francis na wana wake wa kiume, na mume wa Anne alipwe pauni 17,000. Lakini katika hukumu hiyo palikuwa na neno moja dogo: kizazi cha kiume cha Francis kikikoma, ardhi imrudie Anne. Anne hakuweka sahihi yake katika hati hiyo. Hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Akangoja. Mwaka 1624 mumewe alikufa. Wana wao wa kiume walikufa wote wakiwa wachanga, na Anne akabaki na binti wawili, Margaret na Isabella. Mwaka 1630 akaolewa mara ya pili, na Philip Herbert, Earl wa Pembroke, na ndoa hiyo nayo haikuwa na amani. Baada ya miaka michache wakakaa mbali mbali. Mwaka 1641 baba yake mdogo Francis alikufa. Mwanawe Henry akarithi, lakini mwezi wa Desemba 1643 Henry naye akafa. Hakuacha mwana wa kiume, ila binti mmoja, Elizabeth, aliyekuwa ameolewa katika ukoo wa Boyle, makabaila wa Ireland. Kwa hiyo hukumu iliyomnyima Anne kwa kuwa ni mwanamke, sasa ilimzuia Elizabeth vile vile, na ngome zikamrudia Anne. Alikuwa karibu kutimiza miaka 54.

Hata hivyo hakuweza kwenda kuzitwaa mara moja, kwa maana Waingereza walikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe. Alipokuwa akingoja huko London, aliagiza ichorwe picha kubwa yenye sehemu tatu, ikamalizika mwaka 1646. Katikati wamo baba yake, mama yake na kaka zake wawili. Upande mmoja yumo Anne wa miaka 15, siku alipopoteza urithi; upande wa pili yumo Anne mwenye umri mkubwa, aliyeupata. Kando zake zimejaa alama za koo na maandishi ya nasaba.

Mwaka 1649 akasafiri kwenda kaskazini, wala hakurudi kukaa kusini tena. Ngome alizozipata zilikuwa karibu magofu. Skipton ilikuwa imebomolewa kwa sababu ya vita. Brough iliungua mwaka 1521. Na Pendragon ilichomwa na Waskoti mwaka 1341. Anne akaita waashi na maseremala, akazijenga tena: Skipton, Appleby, Brougham, Brough na Pendragon, pamoja na mnara wa Barden. Alijenga makanisa pia, na katika mji wa Appleby akajenga nyumba ya kukaa wajane maskini 13. Mwaka 1656 alisimamisha nguzo ya mawe mahali pale pale alipoagana na mama yake, akaweka pauni 4 kila mwaka zigawiwe maskini wa Brougham tarehe 2 Aprili.

Kazi yake nyingine ilikuwa ya kalamu. Zile hati alizozikusanya mama yake, na nyingine alizoziongeza mwenyewe, alizipanga katika vitabu vitatu vikubwa, akaagiza ziandikwe safi, naye akaongeza maneno yake pembeni. Humo mna habari za ukoo wake tangu siku za Mfalme John hata siku zake mwenyewe. Hakuwasahau wanawake, alieleza jinsi Isabella na Idonea walivyopokea urithi wa baba yao.

Bibi huyu hakuwa mpole daima. Yeye aliyetetea haki yake kwa ukali, aliwadai wapangaji wake kwa ukali ule ule, akawapeleka mbele ya waamuzi kwa ajili ya kodi. Husimuliwa kwamba mtu mmoja, mfanyabiashara tajiri wa nguo, alikataa kumlipa kuku mmoja aliyekuwa sehemu ya kodi ya kila mwaka. Anne akamshtaki, akatumia fedha nyingi kuliko bei ya kuku mia, akashinda. Kisha akamwalika mtu yule chakulani, akaagiza kuku yule yule apikwe, wakamla pamoja.

Bibi Anne alikufa katika ngome ya Brougham tarehe 22 Machi 1676, akiwa na miaka 86. Alizikwa katika kanisa la Appleby, katika kaburi alilolijenga mwenyewe. Juu yake hapana sanamu ya mtu, ila ngao 24 zenye alama za ukoo wake, mpaka kwa Vieuxpont wa kwanza. Ardhi yake ikawaendea watoto wa binti yake Margaret, ambao ni wa ukoo wa Tufton. Na mwaka 1691 Baraza la Makabaila katika Bunge la Uingereza lilikubali kwamba mjukuu wake, Thomas Tufton, ndiye mwenye cheo cha kale cha Baron de Clifford. Thomas alikipata kwa njia ya nyanya yake. Basi cheo nacho kilipita kwa mwanamke, kama ardhi ilivyopita zamani kwa Isabella.

Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Anne Clifford hakuwa na askari wala rafiki wengi wenye nguvu, na wakati mwingine hata mumewe alikuwa kinyume chake. Alikuwa na karatasi za wazee wake, na saburi. Karatasi zilimwonyesha haki yake ilipo, na saburi ikamfikisha.