Padri Clement: Mmisionari aliyeiona sanaa katika gogo na ngozi ya ng'ombe

JINA la Padri David Clement si geni kwa wakazi wa Mwanza, hasa wale waliowahi kupanda kilima cha Bujora, Kisesa, kandokando ya barabara iendayo Musoma, takriban kilometa 20 kutoka mjini.

Padri huyo, mzaliwa wa Quebec nchini Canada na mwanachama wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliishi miongoni mwa Wasukuma hadi wakampa jina la Fumbuka. Alifariki dunia mwaka 1986, akiacha swali ambalo bado linawagusa wasomi na mafundi: kitu gani hasa kistahili kuitwa sanaa?

Alipoanza utume wake Bujora katika miaka ya 1950, wamisionari wengi walizitazama ngoma na vifaa vya jadi kama mabaki ya upagani. Kwa mtazamo wa siku hizo, sanaa ilikuwa picha yenye fremu au sanamu ya marumaru. Mzinga wa ngoma, kigoda au jembe vilihesabiwa kuwa vyombo tu.

Padri Clement alichukua njia nyingine. Akishirikiana na wazee wa Kisukuma, alikusanya ngoma za watemi, zana za uhunzi na vifaa vya waganga. Makumbusho ya Wasukuma yalifunguliwa mwaka 1968, miaka mitano baada ya sheria kuufuta utemi nchini. Ngoma zilizokuwa alama ya mamlaka zilikuwa zimepoteza kiti zilichokitumikia, na mti usiotunzwa huliwa na mchwa.

Katika makumbusho hayo, malighafi na kazi ya mikono havikufichwa. Nyumba ya mhunzi iliwekwa pamoja na zana zake, ili mtazamaji aelewe kwamba jembe lina historia ya moto na nyundo. Ngoma nayo huanza kuwa gogo. Fundi hulichimba, huloweka ngozi ya ng'ombe, kisha huiwamba ingali mbichi ili ikikauka ikaze na kutoa mlio. Akikosea unene wa mti au mkazo wa ngozi, ngoma haitalia. Uamuzi wa namna hiyo hauna tofauti na ule wa mchoraji anayechagua rangi.

Hata majengo yalishiriki katika hoja hiyo. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la duara, kwa kufuata mtindo wa Kisukuma, na banda la ngoma za kitemi likapewa umbo la kigoda cha mtemi.

Wapo wanaoweza kuhoji iwapo kitu kinachowekwa makumbusho hakipotezi uhai wake. Jibu la Bujora lilikuwa kutovinyamazisha vyombo. Ngoma ziliendelea kupigwa katika sherehe, na tamasha la Bulabo, linaloambatana na Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, likawakutanisha wachezaji wa Bagika na Bagalu katika mashindano yao ya jadi.

Mchango mkubwa wa Padri Clement, basi, haukuishia katika kuhifadhi vitu vya kale. Aliwafanya watu wamheshimu fundi asiyetia saini kazi yake, na watambue kuwa uzuri wa ngoma hauwezi kutenganishwa na mti, ngozi na mkono ulioiwamba.