James Sumner na Fuwele za Ureasi

James Batcheller Sumner alizaliwa tarehe 19 Novemba 1887 mjini Canton, jimbo la Massachusetts, Marekani. Akiwa na umri wa miaka 17 alipigwa risasi kwa ajali mawindoni, mkono wa kushoto ukakatwa chini ya kiwiko. Mkono huo ndio aliouzoea kwa kila kazi! Ilimlazimu aufunze upya ule wa kulia. Alipotaka kusomea shahada ya uzamifu Harvard, Profesa Otto Folin alimshauri aiache kemia asomee sheria, kwani maabara haimfai mwenye mkono mmoja. Sumner alishikilia uzi uleule, akahitimu mwaka 1914 chini ya Folin huyohuyo.

Mwaka 1917, akiwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Cornell, alijitosa kutenga kimeng'enya kikiwa safi, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa. Istilahi hii, iliyotokana na kitenzi meng'enya, isitudanganye kuwa kazi ya vimeng'enya huishia tumboni. Sumner aliichagua ureasi, ambayo huvunja urea ikawa amonia na kaboni dayoksaidi, nayo imejaa tele katika maharagwe ya Canavalia ensiformis.

Unga wa maharagwe hayo ukitiwa majini hutoa protini chungu nzima. Zitatenganishwaje? Sumner aliyachanganya maji na kileo, takriban asilimia 30. Kileo hudhoofisha uwezo wa maji wa kuziyeyusha protini, baadhi zikajitenga na kutuama. Hata hivyo, kikizidi, au kukiwa na joto, umbo la kimeng'enya hufumuka na nguvu zake zikapotea. Kinga yake ni baridi. Kwa kuwa maabara yake haikuwa na jokofu, Sumner aliweka mitungi nje ya dirisha, akiomba usiku uwe wa baridi kali.

Miaka tisa ilipita hivyo. Jean Effront wa Ubelgiji aliiona azma yake kuwa kichekesho. Mwaka 1926 Sumner alitumia asetoni badala ya kileo, kiasi cha asilimia 32, akauchuja mchanganyiko na kuulaza penye baridi. Asubuhi aliweka tone chini ya hadubini: fuwele ndogo zenye nyuso nane! Alipoziyeyusha katika maji, ziliivunja urea kwa nguvu ajabu. Nazo zilikuwa protini.

Wakubwa wa taaluma hawakumwamini. Richard Willstätter wa Ujerumani, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1915, alishikilia kuwa vimeng'enya si protini. Ukweli ni kwamba vipimo vyake havikuweza kuona protini iliyo kidogo mno, lakini jina lake lilitosha kuwatia wasomaji shaka. Nadhani hilo lilimwumiza Sumner kuliko ushauri wa Folin. Mwaka 1930 John Northrop alipata fuwele za pepsini, ubishi ukaanza kufifia. Sumner alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1946. Nusu nyingine waligawana Northrop na Wendell Stanley. Alifariki tarehe 12 Agosti 1955 mjini Buffalo.