Salvador Luria

Salvador Edward Luria (Torino, Italia, 13 Agosti 1912 – Lexington, Massachusetts, Marekani, 6 Februari 1991) alikuwa daktari na mwanabiolojia aliyechunguza hasa virusi na bakteria. Mwaka wa 1943, pamoja na Max Delbrück, alionyesha kwamba bakteria huweza kuwa sugu kutokana na mabadiliko ya jeni yanayotokea kwa bahati nasibu, hata kabla hazijakutana na kitu cha kuziua. Pia walitoa njia ya kukadiria mabadiliko hayo hutokea mara ngapi. Mwaka wa 1969 Luria, Delbrück na Alfred Hershey walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi na kupewa jina la Salvatore. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Torino chini ya Giuseppe Levi. Wanafunzi watatu wa mwalimu huyo, yaani Luria, Renato Dulbecco na Rita Levi-Montalcini, walikuja kupata Tuzo ya Nobel. Luria alihitimu mwaka wa 1935, akatumikia jeshi kama daktari, kisha akaenda Roma kujifunza radiolojia. Huko alifahamu mawazo ya Delbrück, mwanafizikia Mjerumani aliyeieleza jeni kuwa ni molekuli.

Mwaka wa 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, na Luria akakosa ufadhili wa masomo. Alihamia Paris. Majeshi ya Ujerumani yalipoukaribia mji huo mwaka wa 1940, alikimbia kwa baiskeli kuelekea kusini hadi Marseille, akapata viza ya Marekani. Alifika New York tarehe 12 Septemba 1940. Mwanafizikia Enrico Fermi, aliyemfahamu tangu Roma, alimsaidia kupata ufadhili wa utafiti.

Jaribio la mwaka 1943

Wakati huo ilijulikana kwamba bakteria zikimwagiwa virusi vinavyoziua, karibu zote hufa, lakini chache hubaki na kuzaa vizazi sugu. Swali lilikuwa hili: je, usugu huletwa na virusi vyenyewe, au bakteria hizo zilikuwa sugu tayari?

Luria, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Indiana, alipata jibu katika dansi ya walimu wa chuo, alipomtazama mwenzake akicheza mashine ya kamari. Mara nyingi mashine haikutoa kitu, lakini mara moja ilimwaga sarafu nyingi kwa mpigo. Aliona kuwa bakteria zinaweza kufuata mtindo uleule. Kama usugu huletwa na virusi, basi neli nyingi za bakteria zilizokuzwa kila moja peke yake zitatoa idadi za bakteria sugu zinazokaribiana. Kama hutokea kwa bahati wakati bakteria zinaongezeka, neli nyingi zitakuwa na chache au hazitakuwa nazo kabisa, na neli moja moja itakuwa nazo nyingi mno, kwa sababu badiliko lilitokea mapema na kurithiwa na vizazi vyote vilivyofuata.

Alifanya jaribio kwa kutumia bakteria wa aina ya Escherichia coli, na idadi zikatofautiana sana kati ya neli na neli. Delbrück, aliyekuwa Nashville, aliandaa hesabu zake. Makala yao ilitolewa mwaka wa 1943.

Njia ya kukadiria

Kuhesabu bakteria sugu si sawa na kuhesabu mabadiliko. Bakteria sugu 500 katika neli moja huenda ni watoto wa badiliko moja tu la mapema. Njia rahisi ni kuhesabu neli zisizo na bakteria sugu hata moja, kwa kuwa humo ni hakika kwamba badiliko halikutokea.

Tuseme neli 20 zimekuzwa, na 4 kati yake hazina bakteria sugu. Sehemu ya neli hizo ni 0.2. Kanuni ya Poisson inasema sehemu hiyo ni sawa na e^(−m), ambapo m ni wastani wa mabadiliko kwa kila neli. Hivyo m ni takriban 1.6. Kila mgawanyiko huongeza seli moja, kwa hiyo idadi ya seli mwishoni hukaribiana na idadi ya migawanyiko yote. Kama kila neli ina bakteria milioni 200, tunagawanya 1.6 kwa milioni 200 na kupata takriban mabadiliko 8 kwa kila migawanyiko bilioni moja.

Njia hii haifai ikiwa neli zote zina bakteria sugu. Mwaka wa 1949 ilichapishwa kazi ya D. E. Lea na C. A. Coulson iliyotumia namba ya kati badala ya neli tupu.

Miaka ya baadaye

James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alikuwa mwanafunzi wa Luria huko Indiana. Mwaka wa 1950 Luria alihamia Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka wa 1959 Massachusetts Institute of Technology, ambako baadaye aliongoza kituo cha utafiti wa saratani. Alipinga hadharani silaha za nyuklia na vita vya Vietnam. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo.

Umuhimu

Mwaka wa 1970 Hugo David alipima kwa njia hiyo bakteria wa kifua kikuu. Badiliko la kuhimili isoniazidi lilikadiriwa kuwa karibu 3 kwa migawanyiko milioni 100, na la kuhimili rifampisini karibu 2 kwa bilioni 10. Mgonjwa anaweza kuwa na bakteria milioni 100 au zaidi mapafuni, hivyo chache zinaweza kuwa sugu kwa dawa moja kabla hajameza kidonge cha kwanza. Bakteria moja kuwa sugu kwa dawa zote mbili kwa bahati tu ni jambo la nadra mno. Ndiyo maana nchini Tanzania, kama kwingineko, mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa kadhaa kwa pamoja na kutakiwa kumaliza dozi.