Bibi Titi Mohamed: Manju wa ngoma aliyejipandisha mwenyewe ngazi ya uongozi

KATIKATI ya jiji la Dar es Salaam ipo barabara pana yenye jina la mwanamke. Maelfu ya wachuuzi, makarani na madereva huipita kila siku, ingawa si wote wanaofahamu kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuhukumiwa kifungo cha maisha na taifa alilosaidia kulikomboa.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa jijini humo mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Babake hakupendelea binti asomeshwe, na ni baada ya mzee huyo kufariki ndipo mamake alipompeleka shule. Hata hivyo, masomo yake yalikomea darasa la nne.

Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi ya mji, na akaozwa akiwa na umri wa miaka 14 kwa mwanamume aliyemzidi kwa miaka mingi. Ndoa hiyo haikudumu. Kwa vipimo vya serikali ya kikoloni, huyo alikuwa mwanamke asiye na cheo, asiye na cheti na asiye na matumaini ya kuajiriwa ofisini.

Lakini Bibi Titi alikuwa na kipaji ambacho ofisi za mkoloni hazikukitambua. Alikuwa na sauti. Alikuwa manju katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, na sifa zake zilienea katika mitaa ya Waafrika.

Vikundi vya aina hiyo havikuwa vya burudani pekee. Vilikuwa na viongozi, michango, sare na utaratibu wa kufarijiana wakati wa misiba na kusaidiana wakati wa harusi. Mwanamke aliyekiongoza kikundi cha ngoma alijua kuitisha mkutano, kukusanya fedha, kusuluhisha ugomvi na kuwashawishi wenzake. Huo ulikuwa uongozi kamili, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Chama cha TANU kiliasisiwa Julai 1954 chini ya Mwalimu Julius Nyerere. Bibi Titi na mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa, wakishawishiwa na Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji waliokuwa katika harakati hizo.

Mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alizuru Tanganyika na kutaka kujua kama TANU ilikuwa na tawi la akina mama. Viongozi hawakuwa na tawi la kumwonyesha, na hapo ndipo Bibi Titi alipoitwa. Wengi wangetosheka na kuketi jukwaani kama pambo la siku moja. Yeye aliichukua nafasi hiyo na kuigeuza kuwa kazi yake.

Hakuanza kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake waliokuwa na hadhi na wafuasi wao tayari. Akisaidiana na Tatu binti Mzee, aliwaeleza madhumuni ya chama kwa Kiswahili walichokijua, na kila kiongozi aliyekubali alikuja na kundi lake zima. Kufikia Oktoba mwaka huo, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi za TANU.

Idadi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, hivyo wanaume wengi wasomi waliogopa kupoteza kazi. Wanawake wengi, ambao mkoloni hakuwaajiri, hawakuwa na mishahara ya kutishiwa. Kile kilichokuwa kimewaacha nyuma kikageuka kuwa uhuru wao wa kutenda.

Toka hapo Bibi Titi alizunguka nchi, mara nyingi akiandamana na Nyerere na viongozi wengine. Alihutubia mikutano mikubwa na kuwaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali. Mbinu za manju zilimfaa jukwaani: alijua lini apandishe sauti, lini anyamaze na lini awaachie watu waitikie. Kwa muda mrefu jina lake lilitajwa sambamba na la Nyerere mwenyewe.

Ufanisi huo ulikuwa na gharama. Safari za mfululizo hazikupatana na maisha ya nyumbani, na ndoa yake na Boi ikavunjika. Bibi Titi aliendelea na kazi.

Muhimu zaidi, hakupanda peke yake. Wanawake aliowaingiza chamani walikuwa wauza maandazi, mama lishe na wakulima, na baadhi yao waligeuka kuwa viongozi wa matawi. Walijifunza kusimama mbele ya watu kwa kusimama kweli.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, Bibi Titi alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliokuwa katika ngazi za juu za siasa. Mwaka 1962 Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulianzishwa naye akawa mwenyekiti wake. Alikuwa pia mbunge wa Rufiji na waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii.

Mwaka huo huo wa 1962, Dar es Salaam iliwapokea wanawake kutoka nchi mbalimbali za bara hili katika mkutano uliozaa shirika la wanawake wa Afrika yote. Julai 31 huadhimishwa kama Siku ya Wanawake wa Afrika kwa kumbukumbu ya mkutano huo.

Hata hivyo, uhuru ulibadilisha vigezo vya uongozi. Wakati wa harakati kilichohitajika ni uwezo wa kukusanya watu. Serikalini kilichohitajika ni kusoma majalada, kuandika ripoti na kukijua Kiingereza. Darasa la nne, ambalo halikumzuia kuitikisa dola ya kikoloni, likaanza kuwa kikwazo katika dola yake mwenyewe. Katika uchaguzi wa 1965 alipoteza kiti cha Rufiji.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Masharti yake yaliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, hisa katika makampuni au mishahara miwili. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha.

Kwa kiongozi msomi, kuacha biashara kulimaanisha kubaki na mshahara na matumaini ya cheo kingine. Kwa mwanamke asiye na shahada, nyumba hizo ndizo zilizokuwa akiba ya uzeeni. Alikataa kuziacha na akajiuzulu uongozi wa chama. Wapo waliomwona mbinafsi, na wapo waliomwona mtu aliyejua kwamba makofi ya mkutanoni hayalipi kodi.

Pigo kubwa lilikuja Oktoba 1969. Alikamatwa pamoja na waziri wa zamani Michael Kamaliza na maafisa kadhaa wa jeshi, wakishtakiwa kwa njama za kuipindua serikali. Mshtakiwa mkuu, Oscar Kambona, alikuwa uhamishoni Uingereza. Bibi Titi alikanusha mashtaka hayo, lakini mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais Nyerere.

Aliporudi uraiani, wengi waliokuwa wakimshangilia walimkwepa. Jina lake lilitoweka katika simulizi rasmi za uhuru, naye akaishi kimya kwa takriban miaka 20. Ni katika maadhimisho ya miaka 30 ya uhuru, mwaka 1991, ndipo alipotajwa tena hadharani kama shujaa.

Alifariki Novemba 5, 2000 hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 74.

Maisha yake yana funzo kwa wanawake wanaochipukia katika uongozi, na si funzo la upande mmoja. Bibi Titi hakungoja kupewa cheo ndipo aongoze. Alianza na ujuzi aliokuwa nao na watu waliomwamini. Lakini mlango uliofunguliwa na sauti yake ulihitaji pia elimu na mali ili usifungwe tena. Ya kwanza alinyimwa utotoni na ya pili alilazimika kuipigania, na hilo ndilo deni ambalo jina la barabara peke yake haliwezi kulilipa.